Mwezi ukiandama tarehe 29 nitakuwa bado jikoni

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia tarehe 12 ya Ramadhani, saa nane za usiku, daku limeshaiva na usingizi sina. Kufunga nimezoea. Kinachoninyima usingizi ni Idi.

Mimi ni mama wa watoto watatu: msichana wa miaka 13, mvulana wa miaka 10 na mdogo wa miaka mitano. Tunaishi Unguja, nje kidogo ya mji, nyumba moja na mama mkwe. Nilipoolewa, miaka 14 iliyopita, niliikuta nyumba hii na desturi yake. Kumi la mwisho likiingia, jiko halizimwi. Panatengenezwa vileja, visheti, biskuti za tende, biskuti za chai, keki mbili, kaimati, mkate wa kumimina, boko boko, na tambi za asubuhi ya Idi. Wakati ule jikoni tulikuwa watano, maana kulikuwa na mama mkwe, marehemu dada yake, na wifi zangu wawili. Nilikuwa mdogo wao na kazi yangu ilikuwa kuosha masinia na kucheka.

Leo dada yake mama mkwe ametangulia mbele ya haki. Wifi mmoja kaolewa Tanga, mwingine yuko Muscat na mumewe. Mama mkwe magoti yamemkamata, anakaa ukumbini kwenye kochi lake na kusikiliza. Nimebaki mimi peke yangu, na ile orodha haijapungua hata kijiko.

Wifi wa Muscat kila mwaka anaagiza vileja kilo tatu na visheti kilo mbili. Mwaka huu msafiri wake anaondoka tarehe 24. Hajawahi hata siku moja kuuliza samli inauzwaje. Majirani wawili nao wanaleta unga na sukari, "tuchanganyie na zako, mkono wako mzuri." Halafu kuna kofia. Tangu Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, mume wangu alisema anataka kofia ya mkono, niliyoshona mimi, ya kuswalia Idi. Duara la juu limekwisha, ukuta umefika nusu. Naushona usiku kwa taa, macho yanatoka machozi, na jana nilifumua vitundu sita kwa sababu uzi niliuvuta vibaya.

Mwaka jana nilijipangia kama tutafunga 30. Mwezi ukaandama siku ya 29. Takbiri zinasomwa msikitini, mimi nina treya mbili za vileja, chini vimekuwa vyeusi, vingine vikavunjika mkononi kama mchanga. Asubuhi ya Idi nililala kwenye mkeka jikoni. Watoto walivishwa na baba yao, mdogo akaenda kuswali Idi na viatu vya chekechea. Dera langu jipya sikulivaa, hadi leo lina karatasi ya bei.

Wiki iliyopita nilimwambia mama mkwe, mwaka huu tununue biskuti dukani. Alinyamaza, kisha akasema: "Nyumba isiyonukia hiliki kabla ya Idi, hiyo ni nyumba ya wageni." Mume wangu alikuwepo, hakusema kitu. Usiku akaniuliza kofia imefika wapi.

Shangazi, ni aibu kununua? Wifi nimwambie nini asikasirike? Na hii kofia niimalize kwa macho haya?

Mchovu, Unguja

*

Marahaba mwanangu, na Ramadhani karimu. Barua yako nimeipata tarehe 14, kwa hiyo siku tunazo, ilimradi tusizipoteze kwa kulia.

Nimeihesabu orodha yako mara mbili. Ni aina tisa, pamoja na mizigo ya watu watatu wa nje, pamoja na kofia. Orodha hii iliandikwa na wanawake watano, na wote watano walikuwa na magoti mazima. Hao wanne wameondoka jikoni mmoja mmoja, na kila aliyeondoka alikuachia sehemu yake bila kukuuliza. Wewe unaiita desturi ya nyumba. Mimi ninavyoijua desturi ile, ilikuwa ni wanawake kukaa pamoja usiku, mmoja anakanda, mmoja anasukuma, mmoja anasimulia mambo ya mtaa, na mdogo anaosha masinia na kucheka, kama ulivyosema mwenyewe. Biskuti ilikuwa kisingizio tu. Kilichobaki kwako ni kisingizio bila ya mkusanyiko, na ndiyo maana unachoka namna ile.

Kununua si aibu. Maduka yangefunga kama watu wote wangeoka. Lakini sitakwambia ununue kila kitu, kwa sababu katika barua yako sijasoma mahali unaposema hupendi kuoka. Mtu asiyependa hangehesabu vitundu vya kofia alivyofumua. Kwa hiyo tupunguze.

Kaimati futa. Kaimati ni ya kuliwa ile saa inapotoka kwenye shira, ikilala inakuwa kama mpira, na asubuhi ya Idi hakuna mwanamke anayepaswa kusimama mbele ya mafuta ya moto. Biskuti za chai nunua, hizo ndizo za dukani hasa, hakuna jirani atakayezitambua. Biskuti za tende ziache mwaka huu. Mkate wa kumimina kama kuna mtu mtaani anauza, agiza mmoja na umlipe kabla. Keki mbili ziwe moja. Zimebaki visheti, vileja, keki, boko boko na tambi. Kwa boko boko nina neno, nitalifikia.

Anza na visheti, kwa sababu vinakaa. Usiku wa tarehe 18, baada ya tarawehe, kaanga. Watu wengi huharibu hapa kwa haraka: mafuta yakiwa makali kisheti hubadilika rangi nje na ndani kikabaki kibichi, na ubichi huo ndio unaokifanya kilainike siku ya tatu. Moto uwe wa wastani, na kabla hujaepua mkupuo wa kwanza vunja kimoja utazame katikati. Kiwe kikavu mpaka ndani. Shira yako iwe sukari vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji, na hiliki, ichemke mpaka ukiinua mwiko inavutika kama uzi. Hapo epua, mwaga visheti humo ndani, geuza bila kusimama mpaka sukari ikauke na kuwa nyeupe juu yake. Viache vipoe kabisa kabla ya kuvifunika. Vikifunikwa na joto lake, ule mvuke utarudi na kazi yako yote itakuwa tepetepe. Ndoo yenye mfuniko unaobana inatosha. Watoto wasijue ilipo.

Sasa vileja, maana hapa ndipo ulipoungua mwaka jana. Nadhani unaoka kwa sufuria na mkaa, moto juu na chini, kwa sababu umesema chini vimekuwa vyeusi. Mkaa wa chini ulikuwa mwingi. Makaa mengi yawe juu ya mfuniko, chini ubakishe machache tu yaliyoanza kushika jivu, na ndani ya sufuria kubwa tandaza mchanga mkavu ndipo uweke treya. Kileja hakitakiwi kuwa chekundu. Kikiiva kinabaki na weupe wake, kinapasuka kidogo juu, na harufu inakuita. Ukisubiri kibadilike rangi, umeshachelewa.

Kuvunjika mkononi kuna sababu nyingine. Unga wa mchele hauna mnato wa ngano, kinachokishika kileja ni samli na yai, na samli ikiwa ya moto haishiki kitu. Mwaka jana ulitoa treya, ukakinyanyua papo hapo kwa sababu takbiri zilikuwa zinasomwa. Kiache kipoe palepale kwenye treya, usikiguse mpaka samli igande. Kipimo changu ni kilo moja ya unga wa mchele uliochekechwa, nusu kilo ya samli iliyoganda, nusu kilo ya sukari ya unga, viini vya mayai sita hadi vinane, na hiliki kijiko kimoja cha chakula. Samli na sukari zipigwe kwanza mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, viini vifuate, unga mwisho. Kilo moja inatosha nyumba yako na sahani za majirani. Sijasema kilo nne.

Vioke usiku wa tarehe 24, yaani ule unaoingia magharibi ya siku ya 23. Sijachagua tarehe hiyo ovyo. Mimi si shekhe, lakini kila mwaka naona jambo moja linaloniuma. Tunaambiwa tuutafute usiku wa cheo katika zile witiri za kumi la mwisho, 21, 23, 25, 27 na 29, na usiku huohuo wanawake nusu ya mtaa wako mbele ya makaa, wamelowa jasho, wanasikia kisomo kwa kipaza sauti cha msikiti. Mwaka huu usiku wa shufwa, yaani 22, 24, 26 na 28, ndio uwe wa jiko. Usiku wa witiri usiwashe hata kiberiti, isipokuwa cha daku. Hata kama hutaswali sana, lala. Keki ioke tarehe 28 mchana. Kama mtaani kwenu kuna tanuri la mikate na mwenyewe ni mtu wa kuelewana, ipeleke kule ikiwa bado mbichi kwenye treya yake, watu wengi wanafanya hivyo na hakuna anayewacheka.

Na hesabu yako yote iishe tarehe 28. Mwezi wa Mwenyezi Mungu ni siku 29 au 30, na hakuna mpishi aliyewahi kuulizwa. Ukijipanga kwa 30 unacheza kamari. Ukijipanga kwa 29 na mwezi usiandame, umepata siku nzima ya zawadi.

Tuje kwa wifi. Mwanangu, mtu wa Muscat hajui kama samli imepanda, kwa sababu hujamwambia. Miaka yote vileja vinafika, vinanukia, anajua nyumbani pako sawa, mama yake anaoka kama zamani. Hajui kama ni wewe peke yako. Mwandikie hivi, leo, kabla ya futari:

"Wifi, assalaamu alaykum. Mama hajambo ila magoti hayamruhusu tena kusimama, na mwaka huu jikoni niko peke yangu. Visheti kilo mbili nitakutengenezea, vitakuwa tayari tarehe 20, msafiri wako apite kuvichukua. Vileja sitaviweza, na njiani vinavunjika. Nitumie pesa ya unga, samli, sukari na mafuta wiki hii ili nianze. Watoto wanakusalimia."

Usiongeze "samahani". Usiongeze "kama utaweza". Akikasirika, atakasirikia simu na wewe uko Unguja. Lakini mimi nimewahi kuwa wifi wa mbali, na nakwambia ile pesa itakuja na ziada, na pengine na kilio, kwa sababu lile neno la magoti hakuwa analijua. Mumeo asome ujumbe kabla hujautuma. Ni dada yake. Akitaka kuutuma yeye, ni bora zaidi.

Majirani ni rahisi zaidi kuliko unavyofikiri. Wakija na unga, uchukue mkononi, washukuru, kisha uwaambie, "Usiku wa 24 naoka vileja, njooni na unga wenu na mikono yenu." Mmoja atakuja. Huyo ndiye jirani. Mwingine ataukumbuka unga wake kesho yake na kuja kuuchukua.

Kofia isimamishe. Ninasema hivi nikiwa mtoto wa mshona kofia. Kofia ya mkono haipendi kukimbizwa: kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano, na ukichoka uzi unauvuta kwa hasira, kitambaa kinakunjamana, na hakuna pasi itakayokinyoosha. Miezi sita umeifanya vizuri, usiiharibu kwa wiki mbili za mwisho. Ifunge kwenye kitambaa safi, itie sandukuni. Kutoka Idi hii mpaka Idi Kubwa ni miezi miwili na siku tisa, ukuta uliobaki utaumaliza mchana, kwa mwanga wa jua, huku unaongea na watu. Mwambie mumeo kofia yake ni ya Mfunguo Tatu. Na ile ya mwaka jana aifue mwenyewe: maji ya uvuguvugu na sabuni, brashi laini, isuuzwe, ichovywe kwenye wanga mwepesi, kisha ivalishwe kwenye faruma, kile kifaa cha umbo la kichwa, ikauke juani. Kama faruma hamna, bakuli lililopinduliwa lenye ukubwa wa kichwa chake litafaa. Ni kazi ya nusu saa, na itamfundisha kofia ni nini.

Huyo mumeo, nimemwona mara tatu katika barua yako: ananyamaza, anauliza kofia, anavisha watoto. Hilo la tatu ni zuri na sitaki ulisahau. Mtu aliyevisha watoto watatu peke yake asubuhi ya Idi anaweza kwenda sokoni Darajani na karatasi ya vipimo. Mpe yeye pia jambo ambalo kwenye orodha yako ndefu sikuliona kabisa, nalo ni fitri. Pishi moja ya nafaka kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu, nyumba yenu ni vichwa sita, itolewe kabla ya swala ya Idi. Tumeandika hiliki na tumesahau mchele wa maskini. Sikusemi wewe, nasema nyumba.

Watoto nao wana mikono. Mvulana wa miaka 10 atwange hiliki na achekeche unga, mchi haumkatai mtoto wa kiume. Msichana usimwite jikoni kwa kelele, mpe kitu chake. Chukua kanga moja iliyochakaa katikati ya doti zako za zamani, akate vipande vya mraba vya sentimita 35, atapata kama 12, akunje kingo na kuzishona. Hivyo ndivyo vitafunika sahani za majirani mwaka huu badala ya vile vitambaa vya kufuma ambavyo kila mwaka vinakwenda na havirudi. Na kipande kitakachobeba maandishi ya kanga kipelekwe kwa jirani kwa uangalifu, watu wanasoma! Mdogo akunje bahasha za karatasi za mkono wa Idi. Zitakuwa zimepinda, na watoto wenzake hawatatazama bahasha.

Sasa mama mkwe. Lile neno lake la nyumba ya wageni lilikuchoma, na mimi pia lingenichoma. Lakini lisome tena. Hakusema aina tisa. Amesema hiliki. Mwanamke aliyekuwa jemadari wa jiko kwa miaka yote ile sasa anakaa kwenye kochi na kusikiliza sufuria zikigongana bila yeye, na siku moja unamwambia hata hizo sufuria hazitagongana tena. Unafikiri alisikia biskuti za dukani? Alisikia kwamba ameshakwisha.

Boko boko mrudishie yeye. Si kupika, kusimamia. Tarehe 28 jioni loweka ngano. Kesho yake, baada ya futari, mtolee kiti cha kuegemea mpaka mlangoni mwa jiko, weka sufuria kwenye moto mdogo mbele yake, na mwiko mkubwa apewe mumeo, maana boko boko inataka mkono wa kupiga mpaka nyama na ngano zisijuane. Mama aseme lini chumvi, lini tangawizi, lini inatosha. Atawagombeza wote. Mwache. Na kama mwezi utaandama usiku ule, boko boko itakuwa ndiyo kwanza inaanza kuiva na nyumba nzima itakuwa macho pamoja. Usiku huo ni wa 30, si wa witiri, na jiko hili si lako, wewe umeshamaliza tangu jana.

Asubuhi pika tambi tu, tui na sukari na hiliki ya kutosha, watu wale kidogo kabla ya kwenda kuswali. Hiyo harufu itafika kwenye kochi.

Na lile dera. Litoe leo, ng'oa ile karatasi ya bei, lifue ukungu uliokaa mwaka mzima, lianike. Tarehe 28, kabla hujagusa keki, lipige pasi, weka udi kwenye chetezo ulifukize, ulitundike nyuma ya mlango wa chumbani ambapo utaliona kila ukipita. Viatu vya mdogo viweke chini yake.

Shangazi